Sauti Chini ya Mvita: Bahari Kuu Imesikilizwa, Hori ya Tudor Bado

Mwanzoni mwa 2014 kampuni ya Uingereza ya BG Group ilichimba kisima kiitwacho Sunbird-1 kusini mwa pwani ya Kenya, katika kitalu L10A, mahali ambapo maji peke yake yana kina cha zaidi ya mita 700. Shabaha yake ilikuwa mwamba wa matumbawe uliokua zama za Miosini, mamilioni ya miaka iliyopita, kisha ukafa, ukazama na kufukiwa na tope. Hakuna jicho lililowahi kuuona. Kimo chake na mteremko wa mabega yake vilijulikana kwa mwangwi tu. Kekee ilipoufikia, ilikuta gesi ya takriban mita 30 na chini yake mafuta ya takriban mita 14, mafuta ya kwanza kugunduliwa baharini upande huu wa Afrika. Kibiashara hayakutosha.

Kisiwa cha Mombasa, yaani Mvita, nacho ni mwamba wa matumbawe, ila ni kijana zaidi. Ulijengwa na viumbe wa baharini takriban miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Fort Jesus imesimama juu ya jiwe hilo, na misingi yake mingine imechongwa humo humo. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa jiwe hilo na kwa chokaa iliyochomwa kutokana nalo. Mbele ya ngome kuna maji ya hori ya Tudor, ambayo ngalawa huyakata kwa dakika chache. Lakini mkaazi wa mtaa wa Kuze, humo Mji wa Kale, akitaka kujua tope lililo chini ya maji hayo lina unene gani, na limefunika nini, hana mahali panapojulikana pa kwenda kuuliza. Mwamba uliofukiwa mbali huko baharini umepimwa mabega. Sakafu iliyo chini ya dirisha lake haina ramani anayoweza kuishika mkononi. Hilo ndilo linalohitaji kuelezwa, kwa sababu halikusababishwa na ugumu wa kazi peke yake. Limetokana zaidi na swali la nani alilipa, na alitaka kusikia nini.

Tuanze na kazi yenyewe. Sauti husafiri ndani ya maji ya bahari kwa kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Ikigonga sakafu, sehemu yake hurudi na sehemu hupenya. Inayopenya hukutana na mpaka mwingine, tope juu ya mchanga au mchanga juu ya jiwe, na hapo tena sehemu hurudi. Kinachoamua ni kiasi gani kirudi ni tofauti ya uzito na kasi kati ya tabaka mbili. Tope laini hupitisha sauti kwa kasi isiyopishana sana na ya maji, hivyo mwangwi wake ni hafifu. Jiwe la matumbawe huipitisha kwa kasi maradufu au zaidi, na mwangwi wake hurudi kwa kishindo. Chombo kikipima muda tu, kinapata kina: mwangwi uliochukua sehemu 20 za elfu za sekunde umekwenda mita 15 na kurudi mita 15. Meli ikisonga huku ikipiga na kusikiliza bila kukoma, nyakati hizo zikipangwa bega kwa bega hutoa mkato wa ardhi, tabaka juu ya tabaka.

Kuna sharti moja ambalo hakuna fundi anayelikwepa. Sauti nyembamba huona vitu vidogo lakini haifiki mbali. Sauti nzito hufika mbali lakini haioni vitu vidogo. Chombo cha kupimia kina cha mitetemo 200,000 kwa sekunde kina wimbi la milimita saba na nusu, nacho hukwama kwenye ngozi ya sakafu. Chombo cha kupekua matope, cha mitetemo 3,500, kina wimbi la sentimita 43. Katika tope laini kinaweza kushuka makumi ya mita. Bunduki za hewa zinazokokotwa na meli za mafuta, ambazo hufyatua hewa iliyobanwa ndani ya maji, hutoa sauti nzito ya makumi machache ya mitetemo kwa sekunde. Hiyo hupenya kilomita kadhaa za mwamba, na kurudi kwake hunaswa na haidrofoni, yaani maikrofoni za majini, zilizofungwa kwenye nyaya ndefu za kilomita nyingi nyuma ya meli.

Fanyeni hesabu ya Sunbird mwone. Mtetemo wa mara 30 kwa sekunde, ndani ya mwamba unaopitisha sauti mita 3,000 kwa sekunde, una wimbi la mita 100. Kwa kawaida tabaka jembamba kuliko robo ya wimbi, yaani mita 25, juu yake na chini yake haviachani vizuri kwenye mwangwi. Mafuta ya mita 14 yamo ndani ya ukungu huo. Sauti ilionyesha nyumba. Aliyekuwa akiishi ndani hakujulikana mpaka mlango ulipotobolewa, na kuutoboa katika maji marefu ni gharama ya mamilioni ya dola. Ndiyo maana orodha ya visima vya bahari yetu inasikitisha wenye hisa. Pomboo-1 cha Woodside, mwaka 2007, kilikuwa kikavu. Mbawa-1 cha Apache, 2012, kilipata gesi isiyolipa. Kubwa-1 na Kiboko-1 vya Anadarko, 2013, havikuleta kitu cha kuuza. Mlima-1 cha Eni, kilichochimbwa kuanzia mwishoni mwa 2021, hakikubadilisha hadithi. Kila kimoja kilitanguliwa na picha nzuri ya mwangwi. Majirani zetu wa Tanzania, tangu 2010, walipiga sauti ile ile kusini mwao wakakuta gesi nyingi, kwenye visima vilivyopewa majina ya viumbe wa baharini na viungo: Pweza, Chewa, Zafarani. Chombo ni kile kile, jiolojia ndiyo tofauti.

Kusikiliza bahari hii hakukuanza na mafuta. Kabla ya mwangwi palikuwa na bildi. Risasi ilifungwa kwenye kamba yenye alama za pima, ikateremshwa, na kitakoni ikapakwa shahamu ili ipande na punje ya kilichoko chini, mchanga au kombe au tope. Nahodha alijua kina na alijua ngozi ya sakafu, basi. Mwaka 1824 Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza, aliyekuwa akichora ramani ya pwani ya Afrika kwa meli za Leven na Barracouta, alifika Mombasa na kukuta Mazrui, ukoo uliotawala mji, wakitafuta kinga dhidi ya Sayyid Said wa Oman. Akawapa bendera, na himaya hiyo ikadumu hadi 1826. Luteni Reitz, aliyeachwa kuisimamia, alikufa ndani ya miezi michache; jina lake likabaki Port Reitz. Leven House na ngazi zake pale Mji wa Kale zinabeba jina la meli. Upimaji na utawala viliteremka kutoka mashua moja, na sidhani vimeachana kabisa tangu siku hiyo.

Mwaka 1942, Wajapani walipoufanya ukanda wa Ceylon kuwa wa hatari, kundi la meli za Uingereza za Mashariki lilihamia Kilindini, bandari ya upande wa pili wa kisiwa. Meli za kusindikiza zilikuja na asdiki, chombo cha kuwinda nyambizi kwa mwangwi. Sauti iliyotumwa ndani ya maji ya pwani hii siku hizo ilitafuta chuma, haikuwa na haja ya mwamba.

Mwamba ulipata zamu yake mwaka 1963, katika Msafara wa Kimataifa wa Bahari ya Hindi. Meli mbili za Uingereza, Discovery na nyingine iliyoitwa Owen kwa heshima ya kapteni yule yule, zilifanya kazi kati ya Kenya na Shelisheli. Moja ililipua baruti majini, nyingine ilisimama mbali ikisikiliza. Kutokana na muda ambao sauti ilichukua kupita chini kwa chini, Francis, Davies na Hill walieleza katika andiko lao la 1966 jinsi ganda la bara linavyokwisha na ganda jembamba la bahari linavyoanza. Miaka ya 1980 ilipoingia, meli ya utafiti Vema ya Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, ilipita ikikokota vyombo vyake. Mwaka 1982 Rabinowitz, Coffin na Falvey walionyesha kwamba kando ya pwani ya kaskazini ya Kenya na kusini ya Somalia kuna nguzo za chumvi zilizopanda kupenya matabaka, mabaki ya bahari changa iliyokauka wakati nchi zilipoanza kuachana. Mwaka uliofuata, kwa kuongeza vipimo vya usumaku, walitoa ushahidi kwamba Madagaska ilikuwa imebanana na pwani yetu kabla ya kuteleza kwenda kusini. Mimi naona hilo ndilo tunda kubwa kuliko yote ambayo mwangwi umetuletea, na halikuuzwa hata pipa moja.

Baada ya sayansi ikaja sheria. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari huiruhusu nchi kudai sakafu iliyo nje ya maili 200 endapo itathibitisha kwamba ardhi yake inaendelea chini ya maji. Mojawapo ya njia za kuthibitisha ni unene wa mashapo: yasipungue asilimia moja ya umbali kutoka kitako cha mteremko wa bara. Huwezi kupima unene wa mashapo ya bahari kuu kwa kamba, ni lazima upige sauti. Kenya iliwasilisha dai lake Mei 2009. Somalia nayo ilipoishitaki Kenya mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2014, mojawapo ya malalamiko yake lilikuwa kwamba Kenya iliruhusu uchunguzi wa mitetemo na uchimbaji katika eneo lenye mgogoro. Hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021 ilichora mpaka uliolipa kila upande kiasi, Somalia ikipata sehemu kubwa, na ikakataa hoja kwamba shughuli hizo zilikuwa uvunjaji wa sheria. Mstari huo ulikata vitalu vilivyokwisha kupimwa. Mwangwi wa mahali ambapo leo si petu ungali kwenye hifadhi zetu.

Sasa turudi kisiwani, kwa sababu hapa ndipo kazi inapokuwa tamu na ngumu pamoja.

Zaidi kidogo ya miaka 20,000 iliyopita barafu ilikuwa imefunga maji mengi huko kaskazini na kusini mwa dunia, na bahari ilikuwa chini ya usawa wa leo kwa karibu mita 120. Mvita haikuwa kisiwa. Ilikuwa kilima cha mawe kati ya mabonde mawili, na mito iliyotoka bara ilishuka kupitia mashale ya zama za Jurasi yanayoonekana Changamwe na Port Reitz, ikakata ukuta wa matumbawe na kuelekea pwani iliyokuwa mbali mashariki. Bahari iliporudi ikayafurika mabonde hayo. Tudor na Kilindini ni mabonde ya mito yaliyozama, ndiyo maana yana kina kinachopokea meli kubwa ilhali pande zote mbili mwamba umeziba. Sakafu ya leo si sakafu ya bonde. Juu ya jiwe lililochongwa na mto kuna changarawe, juu yake pengine tope la mikoko ya wakati bahari ilipokuwa ikipanda, juu yake tope jipya, na katika tope hilo taka na mabaki ya miaka elfu ya bandari.

Tabaka hizo ndizo hasa chombo cha mitetemo 3,500 kiliundwa kuzisoma. Lakini bandari haikubali kirahisi. Tope lenye majani ya mikoko yaliyooza hutoa gesi, na vipovu vichache tu vya gesi humeza sauti. Chini yake picha huwa nyeusi. Uso wa matumbawe uliojaa mashimo hauirudishi sauti kwa mstari, huitawanya kila upande. Katika maji mafupi mwangwi hupanda hadi juu ya maji, hugeuka, hushuka tena, na mpimaji asiye mwangalifu huchora sakafu ya pili ambayo haipo. Halafu kuna maji yenyewe. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa Mombasa hukaribia mita nne, kwa hiyo kipimo cha asubuhi na cha alasiri havifai kuunganishwa bila kusahihishwa kwa jedwali la maji. Feri za Likoni, tagi na mitambo ya bandari hupiga kelele mchana kutwa. Yote haya yana dawa: kupima usiku wakati wa maji mafu, kutumia sauti za aina mbili kwa pamoja, kutoboa mashimo machache ili tabaka zipewe majina. Hakuna hata moja linalokaribia gharama ya siku chache za meli ya bunduki za hewa.

Faida yake? Mfano mmoja uko chini ya ngome. Wakati Waomani walipoizingira Fort Jesus, kuanzia Machi 1696, Wareno walituma misaada kutoka Goa. Frigeti Santo António de Tanná, iliyoundwa Bassein huko India na kukamilika 1681, ilizama mbele ya ngome Oktoba 1697. Ngome ilianguka Desemba ya mwaka uliofuata. Mabaki hayo yaliletwa kwenye fahamu za watu na wazamiaji wa hapa hapa, waliogusa kwa mikono, na kati ya 1977 na 1980 Taasisi ya Akiolojia ya Baharini kutoka Texas pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya waliyachimba, Robin Piercy akiongoza kazi ya majini. Mbao za ubavu zilikuwa bado zipo kwa sababu tope lilizifunika. Penye hewa na chaza wa kutoboa mti, zisingebaki. Vitu vilivyopandishwa vimo kwenye makumbusho ya ngome. Meli yenyewe ilipimwa, ikachorwa, ikarudishiwa mchanga.

Meli moja hiyo ilionekana kwa sababu haikufukiwa yote. Bandari ambayo imepokea majahazi ya Kutch, ya Sur na ya Hadhramaut kwa karne nyingi, ikapigwa makombora na Wareno, Waturuki wakatia nanga humo, haiwezi kuwa na meli moja tu chini. Zilizofukiwa kabisa haziguswi kwa mkono wala hazionekani kwa sona ya kupiga ubavu, ambayo husoma uso wa sakafu peke yake. Uingereza, katika mto Hamble ulio na tope na maji ya kujaa na kupwa kama Tudor, wanasayansi walitumia sauti ya aina ya chirupu, inayopita kutoka nzito hadi nyembamba kwa pigo moja, kuchora mabaki ya Grace Dieu, meli ya Mfalme Henry wa Tano iliyoungua mwaka 1439, bila kuondoa tope. Mbao iliyolowa kwa karne nyingi huwa laini kuliko tope linaloizunguka, na mwangwi wake hurudi umegeuzwa juu chini. Ni alama nzuri kwa anayejua kuitafuta.

Kuhusu madhara, tusichanganye bunduki na kengele. Chombo cha kupekua tope horini hakilingani na safu ya bunduki za hewa. Safu hiyo hufyatua kila baada ya sekunde chache, usiku na mchana kwa majuma, na utafiti wa McCauley na wenzake wa 2017 huko Australia ulikuta wadudu wadogo wa majini wakifa kwa wingi kuliko kawaida hadi umbali wa kilomita 1.2 kutoka bunduki moja tu. Nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu kati ya Julai na Septemba hivi, wakitegemea sauti kuliko macho. Mvuvi anayeambiwa asogee ili nyaya za kilomita kadhaa zipite hupoteza siku ya bahari, na halipwi kwa samaki ambaye hakumvua. Sheria ya mazingira ya 1999 inadai tathmini kabla ya mradi, na ni sawa. Ila huwa naona hofu hiyo ikitupwa juu ya kila chombo chenye neno sauti, hata kile ambacho kelele yake inashindwa na injini ya feri.

Katika Kilindini kazi ya karibu imekuwa ikifanywa, kwa vipande. Hakuna anayechimba mlango wa meli au kufukia mabomba ya gati jipya la mafuta la Kipevu, lililokamilika 2022, bila kupima kilicho chini. Nyaya za intaneti zilizotua Mombasa tangu 2009, TEAMS na SEACOM zikiwa za mwanzo, zilitanguliwa na meli za kupima njia. Daraja la kuvuka Likoni linalopangwa na serikali kwa msaada wa Japani litahitaji kujua jiwe gumu liko wapi chini ya tope, maana nguzo haisimami juu ya bonde lililozama kwa kubahatisha. Na Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri na mama na binti yake wakiwa ndani, nchi nzima ilijifunza kwa uchungu jinsi mlango huo ulivyo na kina: lilipatikana kwenye mita 58, na kulitoa kulichukua karibu majuma mawili. Mkondo, giza na sakafu isiyofahamika vilikuwa upande mmoja dhidi ya wazamiaji.

Vipande hivyo vyote hubaki kwenye faili za mikataba. Mhandisi wa gati anataka kujua kama nguzo itasimama. Akishajua, mwangwi uliobaki, wenye umbo la mto wa kale na pengine ubavu wa jahazi, hauna mwenyewe. Mambo hayakwenda hivyo kila mahali. Katika Bahari ya Kaskazini, Vince Gaffney na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliomba takwimu za mitetemo zilizokwisha kutumiwa na kampuni ya PGS kutafuta mafuta, na kwa kusoma sehemu ya juu ambayo wachimbaji hawakuijali, wakachora mito, maziwa na pwani za Doggerland, nchi iliyozama ambamo watu waliwinda miaka 10,000 iliyopita. Hawakupiga sauti mpya hata moja. Walichohitaji ni ruhusa na kompyuta.

Hapa kwetu takwimu za petroli ni mali ya serikali hata zikikusanywa na kampuni, jambo ambalo lingerahisisha ombi kama hilo. Hata hivyo zilizo nyingi zimeanzia kwenye maji marefu, mbali na mabonde ya Tudor na Kilindini, na sauti yake ni nzito mno kwa tope la mita 20. Kwa hori hizi itabidi kazi ndogo mpya. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi iko Mkomani, ng'ambo ya maji tu kutoka ngomeni. Ina meli ya Mtafiti, iliyokuwa Zeeleeuw kabla ya Ubelgiji kuitoa kwa Kenya, ingawa kwa maji mafupi mashua yenye chombo ubavuni ingetosha. Makumbusho yana kitengo cha akiolojia ya majini ambacho Caesar Bita ameongoza uchunguzi wake hadi Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, penye mabaki mengine ya meli ya Wareno. Sheria ya turathi ya 2006 inawapa haki ya kujua kabla kitu hakijaharibiwa.

Kinachokosekana ni sharti la mstari mmoja katika vibali vya bandari, madaraja na nyaya: kwamba mkato wa mwangwi, pamoja na mashimo yaliyotobolewa, ukabidhiwe kwa taasisi hizo mbili mradi unapokwisha, na uwe wazi baada ya miaka michache. Mamlaka ya bandari itasema kuna usalama wa taifa, na kwa Mtongwe, penye jeshi la majini, itakuwa na hoja. Kwa upande wa Mji wa Kale, ambako sasa hutia nanga majahazi machache ya mizigo na mashua za wavuvi, siioni. Na upande huo ndiko ukuta wa kuzuia mawimbi ulikojengwa mbele ya ngome iliyomo kwenye orodha ya UNESCO tangu 2011, juu ya sakafu ambayo unene wa tope lake ungefaa kujulikana kabla ya jiwe la kwanza kuteremshwa.